Yukata Yangu Inachuja: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Kimono za Pamba

Mvua za tsuyu, zile za kuingilia kiangazi, zinaelekea ukingoni, mabango ya fataki yamebandikwa kwenye vituo vya treni, na barua zenu zote sasa zinaimba wimbo mmoja: yukata, ile kimono nyepesi ya pamba ya kiangazi. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Mnaonifuatilia mnajua kazi yangu ni kushona na kufumua kimono hapa Kyoto, na nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za pamba. Hariri nitaiacha leo, ina mafundi wake na gharama zake. Pamba ni nguo ya kufuliwa nyumbani, ndani ya beseni, na mtu yeyote mwenye subira. Ninaumia kila ninapoona nguo nzuri ya pamba imeoza kabatini kwa sababu mwenyewe aliogopa kuilowesha.

Shikamoo mama. Nafanya kazi ya kutunza wazee Saitama. Kiangazi kilichopita nilinunua yukata ya dukani, nyeupe yenye maua ya buluu, nikaivaa kwenye fataki, kisha nikaikunja nikaiweka. Juzi nimeitoa, nikakuta kola imekuwa ya manjano na kwapani kuna alama. Mwenzangu kazini anasema kimono haifuliwi nyumbani, ipelekwe kwa drai klina. Ni kweli? Na kama naweza kufua mwenyewe, nifueje?

Marahaba mwanangu. Mwenzako ana hofu ya hariri, na kwa hariri yuko sahihi. Yukata ni habari nyingine. Asili yake ni vazi la kuogea: watu wa tabaka la juu walilivaa ndani ya bafu la mvuke, baadaye watu wa mjini wakawa wanalivaa wakitoka kuoga, mwishowe likawa vazi la kutokea jioni za kiangazi. Nguo iliyozaliwa bafuni haina sababu ya kuogopa maji.

Na hiyo drai klina yenyewe, fikiria inafanya nini. Kimiminika chake huyeyusha mafuta, na mafuta ya ngozi na vipodozi kitayatoa vizuri. Lakini jasho ni maji yenye chumvi, na chumvi haiyeyuki humo. Yukata itarudi imenyooshwa vizuri, jasho likiwa bado limo, na baada ya miezi kadhaa itageuka manjano hiyohiyo unayoiona kwenye kola yako. Jasho hutolewa na maji.

Anza kwa kutafuta kibandiko cha ndani. Alama za kufulia za Japani zilibadilishwa Desemba 2016 zikafanana na zile za kimataifa. Beseni lenye mkono maana yake fua kwa mkono, maji yasizidi nyuzijoto 40. Beseni lililopigwa msalaba, usifue. Mraba wenye mstari wima, tundika; ukiona na kamstari ka mshazari pembeni juu, tundika kivulini. Ukiona ruhusa ya mkono, unaweza kuendelea. Yukata zilizoshonwa kwa kupimwa mara nyingi hazina kibandiko, kwa hiyo mwenye nayo ajipimie rangi: lowesha kipande cha kitambaa cheupe, weka tone la sabuni utakayotumia, kibonyeze kwenye akiba ya mshono wa ndani, hesabu dakika moja. Kikitoka cheupe, fua bila wasiwasi. Kikitoka na rangi, bado unaweza kufua, ila peke yake na haraka.

Sasa kola. Ndani ya kola ya yukata mna kitambaa kingine kilichokunjwa, na ikifuliwa hovyo kile cha ndani hujikusanya upande mmoja, kola ikakaa na uvimbe usionyooka hata kwa pasi. Chukua sindano na uzi mweupe wa pamba, piga mishono mirefu ya muda, ya kidole kizima kila mmoja, kutoka ncha hadi ncha ya kola. Haichukui muda mrefu, na utaifumua ikishakauka. Kisha paka sabuni ya maji kwenye manjano ya kola na kwapani, gongagonga kwa ncha za vidole au brashi laini. Usisugue kitambaa kwa kitambaa. Pale uliposugua pataota manyoya na kuonekana peupe kuliko kwingine.

Kunja yukata kwa marefu, mikono ikilala juu ya mwili, kisha kunja tena mpaka iingie kwenye mfuko wa wavu wa kufulia. Wavu wa duka la yen 100, ambao kwa kodi ni yen 110, unatosha kabisa. Panga ili kola na pindo, sehemu zinazochafuka zaidi, zibaki upande wa nje wa mkunjo. Jaza beseni maji ya baridi au vuguvugu kidogo, chini ya nyuzijoto 30, changanya sabuni kwanza mpaka iyeyuke, ndipo utumbukize nguo. Bonyeza kwa viganja vyote viwili, achia ijivute, bonyeza tena. Maji yaingie na kutoka kwenye nyuzi. Dakika tano zinatosha. Badilisha maji, suuza kwa kubonyeza vilevile, mpaka povu liishe na maji yawe safi. Maji ya mabomba sehemu nyingi za Japani ni laini, kwa hiyo sabuni kidogo tu hutoa povu jingi; wengi wenu mnatia sabuni kupita kiasi halafu mnahangaika kuisuuza.

Sabuni gani? Ile isiyo kali, iliyoandikwa chusei, yaani si ya asidi wala ya alkali. Emal ya Kao na Acron ya Lion ziko kila duka la dawa na sabuni. Poda za kawaida za kufulia nyingi zina kemikali ya kung'arisha inayofanya nyeupe ionekane nyeupe zaidi kwa kurudisha mwanga wa kibuluu. Kwenye taulo si neno. Kwenye pamba ya rangi yake ya asili, ile ya maziwa, au kwenye rangi hafifu, inabadilisha sura ya nguo nzima na hairudi ilivyokuwa.

Usikamue kwa kusokota. Iweke ikiwa bado ndani ya wavu kwenye mashine, ikamue kwa sekunde 30 mpaka dakika moja, uitoe papo hapo. Pitisha fimbo ndefu kwenye mikono, au tumia henga ya kimono, itundike ikiwa imegeuzwa ndani nje, kivulini penye upepo. Hapa ndipo kazi nusu inafanyika. Nguo ikiwa bado mbichi, shika mshono juu na chini, uvute taratibu unyooke. Kola, uivute hivyohivyo. Kisha weka kiganja kimoja nyuma ya kitambaa, na kiganja kingine kipige mbele, pa pa pa, kuanzia mabegani kushuka mpaka pindo. Mikunjo inalala yenyewe. Yukata iliyopigwa vizuri ikiwa mbichi inaweza isihitaji pasi kabisa.

Ukipiga pasi, piga ikiwa na unyevu kidogo, kitambaa chembamba juu yake, na uangalie mishono. Fundi wa kimono hakunji mshono palepale uzi ulipopita. Anauzidisha kidogo, kama unene wa ukucha, ili kitambaa kiufunike uzi usionekane kwa nje. Kizidisho hicho kinaitwa kise. Ukiufungua mshono kwa pasi kama unavyofanya suruali, umefuta kazi ya fundi. Pita na pasi kwa kufuata mkunjo ulivyolala.

Manjano yakibaki baada ya hayo yote, tumia dawa ya madoa ya oksijeni, ile ya maji, si ya poda, kwa kuwa ya poda ni kali na inataka maji ya moto. Ijaribu kwanza kwenye ua moja la ndani ya pindo. Doa lililolala mwaka mzima huenda likapungua tu bila kwisha, na hilo ulikubali. Ukizidisha dawa utaharibu buluu ya maua. Mwaka huu, ukitoka kwenye fataki, iingie majini usiku uleule au asubuhi yake.

Mama, shikamoo. Nasoma hapa Fukuoka. Bibi mwenye nyumba ninayopanga amenipa kimono ya pamba ya kurume-gasuri, ya nili iliyokolea yenye michoro meupe. Alishonewa akiwa binti, hakuwahi kuivaa, hata nyuzi za muda za fundi bado zipo. Nililowesha mkono mmoja tu, maji yakawa kama wino. Nikaogopa, nikaitoa. Nimeambiwa nitie chumvi na siki ili rangi ishike. Nitie kiasi gani?

Marahaba. Usitie hata kijiko.

Ushauri huo wa chumvi na siki umezunguka sana, hata Wajapani wenyewe wanaurudia, na kwa nili hauna kazi. Tazama jinsi nili inavyoingia kwenye uzi. Nili ya buluu haiyeyuki majini. Mtiaji rangi huigeuza kwanza ndani ya pipa la uchachu mpaka iwe ya kimanjano-kijani na iweze kuyeyuka; uzi huchovywa humo, na unapotolewa, hewa inaigeuza kuwa buluu tena, na kuanzia hapo haiyeyuki. Anachovya, anatoa, anachovya tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka buluu ikaribie weusi. Kwa hiyo rangi iliyoshika imeshashika, wala haihitaji chumvi. Ile uliyoiona majini ni chembe za juu kabisa ambazo hazikupata pa kujishikiza, na zilikuwa zinasubiri tu maji ya kwanza. Kimono hiyo haijawahi kufuliwa tangu ishonwe, ndiyo maana zimetoka nyingi kwa mkupuo.

Kwanza kata zile nyuzi za muda, moja moja, kwa mkasi mdogo. Usizivute kwa nguvu. Beseni la maji baridi tupu, bila sabuni. Tumbukiza kimono nzima, si mkono mmoja, maana ukilowesha kipande utabaki mstari kati ya palipoloa na palipo pakavu. Ibonyeze, mwaga, jaza mengine. Maji ya kwanza huenda yakawa na ukahawia ndani ya buluu. Ni mabaki ya pipa, acha yatoke. Endelea mpaka maji yawe ya buluu ya mbali ya kuonekana kupitia, kisha sabuni laini kidogo, suuza, kamua kwa mashine kwa muda mfupi, tundika kivulini papo hapo. Neno la kushika ni hilo: papo hapo. Nguo ya nili iliyoachwa mbichi imejikusanya chini ya beseni hupaka buluu yake kwenye meupe ya michoro. Iwe inaingia majini, inatoka, inatundikwa, bila wewe kwenda kupokea simu.

Mara chache za mwanzo ifue peke yake. Utakapoivaa, usiifunge na obi, ule mshipi wa kimono, nyeupe wala usikae kwenye kochi jeupe la bibi wa watu, kwa sababu nili pia hutoka kwa kusuguana ikiwa kavu. Hilo nalo hupungua kadiri inavyofuliwa. Dawa yenye klorini, ile ambayo wengi wetu huita jiki, usiikaribishe hata chumba kimoja na nguo hii; klorini inaivunjavunja nili yenyewe na panabaki doa la kimanjano ambalo hakuna fundi atakayeliondoa.

Na usihuzunike ikipauka kidogo. Huko huko mkoani Fukuoka uliko, mjini Kurume, inasimuliwa kwamba msichana aitwaye Inoue Den, aliyezaliwa mwaka 1788, alitazama nguo kuukuu ya nili iliyokuwa imepauka madoadoa meupe. Akaifumua uzi mmoja mmoja kuona meupe yale yamekaaje kwenye nyuzi. Kisha akafunga nyuzi mpya kwa vifundo kabla ya kuzitia rangi, akazifuma, na madoa yakatokea kwenye kitambaa pale alipotaka yeye. Ndiyo kasuri ya Kurume unayoivaa. Alifariki 1869 akiwa amefundisha wanawake wengi, na mwaka 1957 serikali iliiingiza kazi hiyo kwenye orodha ya urithi muhimu wa utamaduni usioshikika. Mheshimu bibi yako kwa kuivaa na kuifua. Kila ikifuliwa, buluu inatakata na meupe yanajitokeza zaidi; mimi binafsi naipenda zaidi ikishapita majini mara nyingi kuliko ikiwa mpya.

Hujambo dada. Mimi ni fundi cherehani, naishi Sendai. Nimepata jora la pamba ya Aizu, kule Fukushima, ya mistari, nzuri mno. Nataka kushona kimono moja na kitakachobaki nitoe mfuko. Nikate moja kwa moja au nilifue kwanza?

Sijambo fundi mwenzangu. Usiguse mkasi.

Kitambaa kilipokuwa kwenye kitanda cha mfumi, nyuzi za mtande, zile za marefu, zilikuwa zimevutwa kama kamba za ngoma, tena zimepakwa wanga zisikatike. Kikitolewa bado kinabaki na mvuto ule. Siku kinapokutana na maji, wanga unatoka, nyuzi zinalegea, kitambaa kinarudi, na kinarudi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Kikirudi asilimia 3 tu, kimono ya sentimita 150 imepungua sentimita 4.5, na hizo ni tofauti kati ya pindo kugusa kifundo cha mguu na pindo kuning'inia juu yake. Ndiyo maana mafundi wa huku wakipokea jora la pamba huuliza kwanza kama limepitishwa majini. Kazi hiyo inaitwa mizutoshi, na unaweza kuifanya bafuni kwako.

Jora lako lina upana wa sentimita 36 au 38 hivi na urefu wa mita 12 au zaidi. Likunje kwa kwenda na kurudi, mikunjo mipana ya kiasi cha mkono, kisha lifunge kwa uzi sehemu mbili tatu, kwa kulegeza sana, ili lisijisokote. Lilaze kwenye bafu la maji vuguvugu, lizame lote. Litaelea mwanzoni kwa sababu ya hewa na wanga. Libonyeze pole pole mpaka mapovu ya hewa yaishe. Liache mpaka asubuhi. Utaona maji yamekuwa mazito kidogo na yana harufu ya nafaka. Badilisha maji, kamua kwa mashine likiwa limekunjwa hivyohivyo, kwa muda mfupi, kisha lianike kwa marefu yake juu ya fimbo, lipande na kushuka. Likifika nusu kukauka, shika kingo mbili, vuta sawasawa ili mistari iwe wima. Hapa ndipo pamba ya Aizu inapokuonyesha kama umefanya kazi: mistari ikiwa imepinda, kitambaa kimepinda, na ukikikata hivyo kimono itajizungusha mwilini. Piga pasi kwa nyuma kufuata urefu, usivute.

Ukiwa na haraka unaweza kulifanya kwa saa chache badala ya usiku mzima. Lakini pamba hii nene, iliyofumwa Aizu kwa takriban miaka 400, inanyonya maji polepole. Mpe usiku wake.

Kaka yenu niko Osaka, chumba changu hakina hata dirisha la maana. Naweza kupeleka yukata kwenye zile mashine za sarafu, nifue na kukausha hapohapo?

Kufua, sawa: ndani ya wavu, mzunguko wa nguo laini, maji baridi. Kukausha humo, hapana. Vikaushio vile vingi ni vya gesi, vina moto mwingi, na pamba itarudi hapohapo huku mishono iliyoshonwa kwa mkono ikivutika na kujikunja. Irudishe nyumbani mbichi, itundike bafuni, washa feni ya kutoa hewa na mlango uache wazi kidogo. Asubuhi itakuwa imekauka.

Mama wa safu, shikamoo. Kwenye gulio la Toji hapo Kyoto, lile la tarehe 21 kila mwezi, nimenunua kimono mbili za mtumba za pamba kwa bei ndogo. Zinanuka uvundo, moja ina vidoti vyeusi mgongoni. Nataka kuvaa moja, nyingine nitumie kitambaa chake. Nianzie wapi?

Marahaba. Gulio la Toji nalifahamu vizuri, na meza za nguo za mrundo ndizo ninazosimama muda mrefu. Anza kwa kuzianika, kabla ya maji. Siku ya jua isiyo na unyevu, zitundike kivulini nje kutwa nzima, upepo upite ndani ya mikono. Kisha zipige mswaki laini, kwenye mikunjo ya ndani ya pindo hasa, maana humo vumbi la miaka hujificha na likiloa linakuwa tope.

Kabla ya kulowesha, pima nguvu ya kitambaa. Shika mahali pa makalio, na pengine mabegani, kati ya vidole gumba viwili, vuta taratibu. Ukisikia mlio mdogo wa kuchanika, nguo hiyo imechoka na haitavaliwa tena. Iwe hiyo ndiyo ya kutoa vitambaa. Kwa vidoti vyeusi nitakwambia ukweli: hiyo ni kuvu iliyoingia ndani ya uzi. Maji na sabuni vitaondoa harufu na kuvu yenyewe, alama mara nyingi hubaki. Kwenye kitambaa cheupe mtupu unaweza kulowesha kwa poda ya oksijeni kwenye maji ya nyuzijoto 40 mpaka 50. Kwenye chenye rangi, kaa nazo alama zako.

Ile ya kuvaa, ifue kama nilivyomwambia dada wa Saitama, ila usishangae kama utabadilisha maji mara nyingi.

Ile ya kutoa kitambaa, ifumue. Hapa ndipo kimono inaponifurahisha kuliko nguo nyingine yoyote. Imekatwa kwa mistari iliyonyooka tu, hakuna tao la kwapa, hakuna kitu kilichotupwa. Ukifumua unapata vipande virefu: viwili vya mwili, viwili vya mikono, viwili vyembamba vya mbele, na vya kola. Vishone ncha kwa ncha kwa mishono mirefu na jora linarudi kama lilivyokuwa dukani. Wanawake wa zamani walifanya hivyo kwa kila kimono, wakafua, wakakausha kwa kunyoosha, wakashona upya, pengine wakigeuza mbele kuwa nyuma ili palipochakaa pajifiche. Kazi hiyo ni arai-hari.

Kwa pamba walitumia ubao mrefu laini ulioegemezwa ukutani, nawe unaweza kuifanya nyumbani kwa ubao wowote uliopigwa msasa vizuri usiotoa rangi, au hata kioo cha dirisha kilichosafishwa. Chukua vipande vikiwa vimefuliwa na bado vinadondoka maji. Vitie kwenye maji yenye wanga mwepesi sana. Bandika ncha ya juu kwanza, kisha telezesha kiganja kushuka, ukisukuma hewa na maji kutoka katikati kuelekea kingoni. Utaona nyuzi za mshindio, zile za mapana, zimepinda kama upinde. Zinyooshe kwa vidole hadi ziwe mlalo. Acha. Kikikauka, kingo zinaanza kubanduka zenyewe. Shika pembe moja ya juu uvute, na kitambaa kinaachia chote kwa sauti kama ya karatasi. Kinatoka kimenyooka kiasi kwamba huhitaji pasi. Nasisitiza njia hii kwa sababu pasi ya moto kwenye pamba ya zamani humaliza nguvu kidogo iliyobaki.

Visivyofaa hata kwa mfuko usitupe. Yukata iliyochakaa hapa ilikuwa inageuzwa nepi za watoto kwa sababu ya ulaini wake, na baada ya nepi ikawa tambara la kupigia deki.

Nina yukata ya shibori ya Arimatsu, zawadi ya harusi. Nikiipiga pasi vile vivimbe vitapotea?

Vitapotea, ndiyo. Vile vivimbe ni alama ya kila kifundo kilichofungwa kwa mkono kabla ya kutiwa rangi, kazi ambayo Arimatsu, sasa sehemu ya Nagoya, imekuwa ikiifanya tangu mwanzoni mwa karne ya 17. Ifue kwa mkono, usiipige viganja wakati wa kuanika, usivute mishono. Ikiwa na mikunjo mibaya, shika pasi ya mvuke juu yake bila kuigusa. Ushauri huohuo kwa wenye shijira ya Tokushima, ile pamba ya migongo-migongo isiyogandana na ngozi. Inasimuliwa kwamba ilipatikana enzi za Meiji pale mwanamke aitwaye Kaifu Hana alipoacha kitambaa nje kikanyeshewa na kukaushwa na jua, kikajikunja, naye akapenda kilivyokuwa. Ukikipiga pasi, kitakuwa pamba ya kawaida tu mpaka kifuliwe tena.

Swali langu ni fupi: nitie wanga au nisitie? Na msimu ukiisha niiwekeje?

Tia ukiwa unaivaa. Wanga mwepesi kwenye maji ya mwisho ya kusuuza huifanya yukata isimame mbali na mwili, hewa ipite, na uchafu ushike juu ya wanga badala ya kwenye uzi. Ile ya chupa inayouzwa madukani inafaa. Changanya nyembamba kuliko inavyoelekezwa, kwa kuwa yukata ngumu kama karatasi hukwaruza shingo. Nguo ya nili uitie wanga usio na rangi kabisa, usije ukabaki na utando mweupe juu ya buluu.

Usiiweke na wanga kabatini. Wanga ni chakula: wadudu wanaupenda, na kuvu inaupenda zaidi. Mwisho wa msimu ifue mpaka kitambaa kilegee na kisiteleze kidoleni, ikauke kabisa, siku moja zaidi ya unavyodhani inatosha, kisha uikunje kwa mikunjo yake ya asili bila pasi. Mfuko wa nailoni hapana, unafungia unyevu. Karatasi au kitambaa cha pamba ndiyo. Na tsuyu ikishapita mwakani, chagua siku mbili za jua kavu uitoe, uitundike kivulini kutwa, hata kama huna mpango wa kuivaa.